Nimechaguliwa baraza la wazazi na wafanyakazi shule ya masista, kumbe kazi yetu ni kugonga muhuri?

MamaWawili

Wakuu habari za muda huu. Nna watoto wawili shule ya masista, na kwenye mkutano wa wazazi wakanisukumia ujumbe wa baraza, darasa letu halikuwa na mjumbe na mimi nilikuwa nimekaa mbele basi ikawa imekula kwangu. Nikasema poa, ngoja nitumikie.

Juzi ndo kikao cha kwanza. Karatasi ya ajenda tunapewa mlangoni tukiwa tunaingia, ajenda ya tatu ni kuunganisha mikondo miwili ya darasa la tano iwe mmoja. Mi nikajua tunaenda kujadili. Mkuu wa shule (sio nyie wakuu wa humu, namaanisha sista) akasoma aya moja akauliza kuna swali, nikanyoosha mkono nikauliza watoto watakuwa wangapi darasani, akasema hilo limeshaangaliwa, tukapita. Ikaja bajeti, ukurasa mmoja, mistari kama kumi hivi, na ukiacha mishahara mstari mnene kuliko yote umeandikwa "mengineyo". Nikauliza tena. Nikaambiwa muda umeenda tutaongea baadae.

Kilichoniuma sasa, tunatoka nje mwalimu mmoja mjumbe akaninong'oneza "mama, sisi hilo la mikondo tuliambiwa wiki iliyopita, mwalimu wa mkondo B anajua mpaka darasa analohamia". Yaani alijua, na kikao kizima alikuwa anaangalia kalamu yake tu.

Sasa naombeni msaada, hili baraza lina nguvu gani? Naweza kukataa kitu? Na hao wafanyakazi wamo humo kwa niaba ya nani? Nijibuni kabla sijaandika barua ya kujiuzulu.

Kauzu_wa_Mwisho

Karibu chamani dada. Hilo baraza ni la kupiga picha ya kubandika ukutani. Mi nilienda vikao vitatu nikaacha na hakuna aliyeniuliza niko wapi.

KatibuMstaafu

Usijiuzulu kwanza mama. Nimekuwa katibu wa baraza la aina hiyo miaka sita, mzazi wa kawaida tu sio mtawa, nikwambie nilichojifunza.

Kwanza ujue shule ni ya nani maana watu wengi wanaingia humo wakidhani ni kama chama cha ushirika, kila mtu ana hisa yake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 803, inasema shule ni ya kikatoliki pale inapoongozwa na mamlaka ya Kanisa au taasisi yake, mfano jimbo au shirika la kitawa, au ikitambuliwa na mamlaka hiyo kwa maandishi, na bila ridhaa yao hata jina la "shule katoliki" huwezi kulitumia. Kwahiyo mmiliki hapigiwi kura. Mkipiga kura ishirini kwa moja masista wauze jengo, masista hawauzi.

Ila hiyo ni nusu ya habari. Sheria hiyohiyo kanuni ya 796 inawaambia walimu washirikiane kwa karibu na wazazi, wawasikilize kwa moyo, na vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na ithaminiwe sana. Sio kwa hisani, imeandikwa. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kwenye tamko lake la elimu la 1965 uliita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, kwahiyo mtu akikwambia mzazi ni mteja anayelipa ada na kuondoka hajasoma vitabu vya kwao mwenyewe.

Sasa nguvu yenu hasa iko kwenye katiba ya baraza, wengine wanaita kanuni za uendeshaji. Umeiona? Omba nakala, usione aibu. Ukiipata usihangaike na dibaji ya sala na maono, kamata kalamu tafuta vitenzi: wapi imeandikwa baraza "litaarifiwa", wapi "litashauriwa", wapi "litaidhinisha". Huo ndo mchezo wote. Kuarifiwa ni unaambiwa imekwisha. Kushauriwa ni lazima waje kwako KABLA ya uamuzi, wanaweza wasifuate ulichosema lakini lazima wakusikie. Kuidhinisha ni bila nyie haliendi, na mara nyingi hapo utakuta vitu vidogo tu, mahafali, safari, mfuko wa michango ya wazazi. La mikondo naweka dau liko kwenye kushauriwa. Kama ndivyo basi kosa lao sio kuunganisha, kosa ni kuja kwenu mwalimu akiwa ameshafungasha chaki zake.

Mla_Nyaraka

Naongezea kidogo kwa Katibu. Usichanganye baraza na bodi, ni watu wawili tofauti hata kama sura zinajirudia. Bodi ndo inaajiri na kusimamia, na sheria ya nchi inaweza kuingia hapo. Uingereza kwa mfano, kwenye shule za Kanisa zinazopata fedha ya serikali zile za aina ya "voluntary aided", wazazi angalau wawili na mfanyakazi mmoja wanachaguliwa kuingia bodini, lakini wale walioteuliwa na Kanisa lazima wawazidi wengine wote kwa wawili. Ireland bodi ya shule ya msingi ina watu 8: wawili wa mmiliki, wazazi wawili wa kuchaguliwa, mwalimu mkuu na mwalimu mmoja, na wawili wa jamii. Ona hapo mmiliki peke yake hana wingi. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba "Kanisa ndivyo lilivyo kila mahali", inategemea hati zenu na sheria za mlipo.

Chaki_Mkononi

Naomba nimtetee mwalimu wa kalamu 😅

Mimi ni mwalimu na nimewahi kukaa kiti hicho. Kachaguliwa na wenzake ni kweli, ila anayeendesha kikao ndo anayesaini mkataba wake. Wewe ukiuliza swali gumu unarudi nyumbani, yeye akiuliza anarudi ofisini. Mama usimhukumu haraka.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo mpaka tukabadilisha mambo mawili. Mwenyekiti akawa mzazi, sio mkuu wa shule, mkuu anaingia anatoa taarifa na kujibu. Afu wafanyakazi tunakutana wenyewe dakika ishirini siku moja kabla, tunaandika hoja kwenye karatasi moja bila majina, mjumbe wetu kazi yake ni kuisoma: "wafanyakazi wanauliza". Sio "mimi nauliza". Neno moja hilo lilitufungua midomo.

Na wafanyakazi sio walimu peke yao jamani! Kuna mwaka uongozi ulitaka masomo yaanze nusu saa mapema, wazazi sawa, walimu sawa, tumebakiza kupiga makofi, dereva wa basi aliyekuwa anawakilisha wasio walimu akasema taratibu "mimi nazunguka mara mbili, hao wa mzunguko wa kwanza watakuwa wanaamka saa ngapi?" Kimyaaa. Ajenda ikarudi mezani. Hakuna mwenye digrii aliyewaza hilo.

Upande wa pili wazazi nao wana kesi ya kujibu. Baba mmoja aliwahi kuja kikaoni na daftari la mwanae, akalitandika mezani anafungua ukurasa mmojammoja kuonyesha alama nyekundu za mwalimu fulani, na mwalimu mwenyewe yumo. Kuanzia hapo walimu wote wakakunja mikono mwaka mzima, hata hoja nzuri za wazazi zikawa zinaonekana ni shambulio. Malalamiko ya mtu mmoja yana njia yake, unaanza na mwalimu husika, mkuu wa shule, kisha mmiliki. Baraza ni la mambo ya wote.

Kauzu_wa_Mwisho

Hizo karatasi bila majina kwetu zingepimwa mwandiko.

Chaki_Mkononi

@Kauzu tulichapa 😂

MamaWawili

Asanteni sana jamani, nimecheka na nimejifunza. Ila kuna jipya, muhtasari umekuja leo. Kuhusu mikondo umeandikwa "wajumbe waliridhia kwa kauli moja". Mi sijaridhia chochote!! Niliuliza swali nikakatwa. Na "mengineyo" haijaandikwa kabisa kama iliulizwa. Nifanyeje, niende kwa askofu?

KatibuMstaafu

Haaa, askofu tena. Taratibu mama. Ni kweli askofu ana haki ya kusimamia na kuzitembelea shule katoliki zote za jimboni mwake, hata zile za mashirika ya kitawa, hiyo ni kanuni ya 806. Ila ukianzia huko na suala la mikondo watakurudisha chini na utakuwa umeshamaliza risasi. Juu ya mkuu wa shule yuko mmiliki, yaani shirika lenyewe la masista, hata huko usiende bado.

Muhtasari ulioletwa ni rasimu mpaka kikao kijacho kiuthibitishe. Hapo ndo penye nguvu yako na watu hawaijui. Mwandikie katibu LEO, sio siku ya kikao, na usiandike hasira. Usiandike nilinyamazishwa. Andika sentensi ya kuongezwa: "Mjumbe aliuliza idadi ya wanafunzi katika mkondo mmoja baada ya kuunganishwa, idadi haikutajwa kikaoni." Basi. Ni kweli tupu, hakuna wa kuipinga, na ikishaingia kwenye kumbukumbu mtu atalazimika kuijibu. Na "kwa kauli moja" omba itolewe kwa sababu kura haikupigwa. Hapohapo omba karatasi za ajenda ziwe zinatumwa wiki moja kabla.

Mengineyo nayo usiulize kama unamshika mtu, omba "mchanganuo". Mali ya Kanisa ina sheria zake, kanuni ya 1284 inamtaka msimamizi atunze vizuri vitabu vya mapato na matumizi na atoe taarifa kila mwisho wa mwaka, na ya 1287 inasema waamini watolewe hesabu ya walichotoa, kwa taratibu za mahali husika. Ila uwe makini hapo, ada ni malipo ya huduma, hiyo ya pili inahusu sadaka na michango. Kama wazazi mlichangia kitu, tuseme bweni au maktaba, hicho ndo una haki kubwa zaidi ya kukidai kwa jina. Kwa uzoefu wangu mengineyo nyingi ni matengenezo na madeni ya nyuma ambayo mtu anaona aibu kuyaandika, sio wizi. Nyingi nimesema, sio zote.

Mla_Nyaraka

Nakazia hapo kwenye "kura haikupigwa". Na angalieni akidi pia, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, mlikuwa wangapi kati ya wangapi?

MamaWawili

Tisa kati ya kumi na tano, nimehesabu kwenye mahudhurio. Katiba nimeiomba, karani kasema ipo kabatini anatafuta funguo.

Sentensi nimetuma jana usiku kama ulivyoniandikia Katibu, nimebadilisha neno moja tu. Jibu limekuja "imepokelewa", bila salamu bila nini. Mengineyo kimya.

Ila asubuhi hii mwalimu wa kalamu kanitumia meseji: "mama nimesikia umeandika. Subiri kidogo, na sisi tunaandika ya kwetu." Sijui kasikia wapi. Nasubiri.