Tupeane uzoefu: likizo ya boti kwa wanandoa, mifereji na mito inayojaa na kupwa Ulaya

MtuWaBara_Ghent (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Mimi na mke wangu tumemaliza kiangazi cha tatu tukiwa kwenye boti. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa wanandoa waliosafiri kwa mifereji ya Ulaya, hasa waliotoka kwenye mfereji wakaingia mto unaojaa na kupwa. Naanza mimi.

Mimi mtu wa Singida, maji mengi nimeyaona ukubwani. Mke wangu ni wa Mkwaja, Pangani, kakulia ufukweni.

Mara ya kwanza tulikodi boti ya mita tisa Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa. Mfereji huo ulichimbwa kwa mikono kuanzia 1666 hadi 1681, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi wangwa wa Thau karibu na Bahari ya Mediterania. Aliyeubuni na kuusimamia, Pierre-Paul Riquet, alitia mali yake humo, akafa 1680, miezi michache tu kabla haujafunguliwa. Kila tulipopita lango la maji nilimkumbuka yule mzee ambaye hakuwahi kusafiri mfereji wake ukiwa umekamilika.

Leseni hatukudaiwa. Ufaransa mwenye boti za kukodi anakufundisha na kukupa kadi ya muda, basi. Mwendo ni kilomita 8 kwa saa, kwa hiyo mtu anayekimbia taratibu kando ya mfereji anakupita na kukupungia mkono.

Kwa wasiojua lango la maji: ni chumba cha mawe chenye milango huku na huku. Unaingia, wanafunga nyuma yako, maji yanajazwa au yanatolewa, chombo kinapanda au kushuka, kisha ya mbele inafunguliwa. Ya Canal du Midi yana umbo la yai, maana kuta zilizopinda zinahimili zaidi msukumo wa udongo. Lakini kwa chombo kilichonyooka ni kazi, kinazungukazunguka, hakina ukuta wa kuegemea. Pale Fonserannes, Béziers, vyumba vimefuatana kama ngazi, unapanda zaidi ya mita 21. Tulitoka juu mikono ikitetemeka kwa kushika kamba, tukakaa kimya tukitazama bonde tulikotoka. Sijui kama nimewahi kujisikia karibu na mke wangu kama siku ile.

Jambo moja lilituumiza: miberoshi iko, lakini mikuyu ya Kizungu iliyofunika mfereji kwa kivuli inakatwa kwa maelfu. Ugonjwa wa ukungu uligunduliwa pale 2006 na dawa haijapatikana. Kuna maeneo unapita juani kabisa kati ya visiki na miche.

Sasa mto. Mkataba wa Ufaransa ulikataza maji yanayojaa na kupwa. Baadaye tulinunua chombo kikuukuu hapa Ubelgiji, na nyumbani kwetu Ghent ndipo bahari inapokomea: maji ya mto Schelde yanajaa na kupwa hadi hapa, kilomita 160 hivi kutoka mdomoni. Wameyazuia kwa malango, la sivyo yangepanda zaidi.

Mimi nilidhani mto ni mto. Mke wangu akauliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya kalenda. Akasema, "Nakuuliza mwezi wa angani." Ilikuwa kumi na sita. Akasema hiyo ni bamvua, maji yatakuwa na nguvu, tuache. Sikumsikiliza. Tulitoka lango la Merelbeke kushuka Dendermonde, na mkondo ukatubeba mpaka usukani ukawa kama hauna kazi. Mchana tulisogea ukingoni tupumzike. Nikafunga kamba fupi kwenye nguzo. Ndani ya nusu saa chombo kikaanza kulalia ubavu, maji yanakimbia, tope linaonekana. Mke wangu alilegeza kamba mwenyewe, akashika pondo, akatusukuma tukarudi kwenye kina. Dakika kumi zaidi tungepwelewa pale hadi usiku.

Nilimwomba radhi jioni ile tukiwa tumefunga ndani ya mto Dender. Tangu siku hiyo nahodha ni yeye.

Haya, karibuni.

MamaWawili_London

Asante kaka kwa kuanzisha, na mpe shikamoo yangu huyo nahodha.

Sisi tulikodi boti nyembamba za Kiingereza, zile za upana wa mita mbili na kidogo tu, ndefu kama basi. Wiki ya kwanza tulikuwa kwenye mfereji wa Kennet na Avon, Uingereza. Pale Devizes kuna malango 29, na 16 kati yake yamepangwa mstari mmoja mlimani. Hakuna mtu wa kukufungulia kila lango, unazungusha hendeli mwenyewe na kusukuma mlango kwa mgongo. Mume wangu usukani, mimi nchi kavu. Tuliyazoea, tukaacha kuitana kwa sauti, maana injini inameza maneno na mwenzako anadhani unamfokea. Ishara za mkono: kiganja juu, simama, kidole kuzungusha, fungua maji. Nawaomba wanandoa mkubaliane hizo kabla hamjaondoka. Kwetu zilituletea amani.

Onyo moja kubwa. Mkishuka langoni, kaeni mbele, mbali na mlango wa nyuma. Chini ya mlango huo kuna kizingiti cha zege kisichoonekana maji yakiwa juu. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikikikalia maji yakishuka, omo (mbele) inazama. Ukutani wamechora mstari mweupe, usikubali tezi iwe nyuma yake.

BintiMkoani

Naunga mkono la kamba. Lango la kushuka, kamba HAIFUNGWI. Unaizungusha kwenye kigingi mara moja, ncha unaishika, unailegeza kadiri maji yanavyopungua. Mwaka juzi mume wangu aliifunga fundo akaenda kupiga picha. Boti ikaning'inia upande mmoja, vyombo vyote vya jikoni vikaanguka, nami nilikuwa ndani. Alikata kamba kwa kisu cha samaki. Hadi leo kisu kinakaa karibu na usukani, wala hakitumiki kwa kazi nyingine.

Kalemie_Mons

Jambo wote. Mimi wa Kalemie, Kongo, tuko Mons na bibi yangu, yaani mke. Kama mko Ubelgiji, musipite bila kuona Strépy-Thieu, lifti ya boti. Unaingiza boti ndani ya beseni kubwa ya chuma, beseni nzima na maji yake inapanda mita 73. Ilifunguliwa 2002. Karibu yake kuna zile nne za zamani zinazoendeshwa kwa uzito wa maji yenyewe, UNESCO waliziandika kwenye urithi wa dunia 1998. Bibi yangu alilia kule juu. Alisema baba yake alikuwa fundi wa meli ziwani na angependa kuona.

MamaWawili_London

Pole na hongera kwake, Kalemie.

Narudi kumalizia la mto. Mwaka uliofuata rafiki mwenye boti yake alitubeba mto Thames, kutoka Limehouse hadi Brentford, tukipita katikati ya London. Bamvua pale kwenye London Bridge maji yanapanda karibu mita 7. Kwetu Mombasa hayafiki 4. Unampigia simu mlinzi wa lango siku moja kabla, yeye ndiye anakupa saa ya kutoka, ili maji yanayojaa yakusukume magharibi. Redio ya chomboni lazima kwa boti ndefu, jaketi okozi mwilini, nanga tayari na mnyororo wake. Westminster mawimbi ya boti za abiria yalipiga omo mpaka vioo vikalowa. Mkiona tita la nyasi kavu linaning'inia chini ya daraja, maana yake mafundi wamepunguza nafasi hapo. Ni desturi ya zamani na bado ni sheria. Brentford lango hufunguliwa karibu na maji kujaa tu, ukichelewa unabaki mtoni.

Kijana_Tegeta

Wakuu, tunapanga fungate. Mchumba wangu hajui kuogelea. Je, inawezekana? Na hesabu ya mwezi inatosha, au hadi majedwali ya maji kujaa na kupwa?

MtuWaBara_Ghent

Ndugu yangu, inawezekana kwenye mfereji. Jaketi okozi muda wote akiwa nje, na kazi ya langoni uichukue wewe, yeye ashike usukani. Mito ya maji kujaa na kupwa msiiguse safari hii.

La pili nimemwuliza nahodha mwenyewe, mke wangu, naandika alivyosema. Mwezi unakwambia nguvu ya maji, haukwambii saa ya mahali ulipo. Kwao Pangani anajua bamvua maji yanakupwa saa nne hivi asubuhi, kina mama wanakwenda kuokota chaza, na kujaa ni saa kumi. Ghent saa hizo hazifanyi kazi. Maji yanatumia saa kadhaa kupanda mto mzima, yanajaa kwa muda mfupi na kupwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo anachagua siku kwa mwezi, saa anaichukua kwenye jedwali la mahali hapohapo, kisha anampigia mlinzi wa lango kuhakikisha.

Leo mwezi kumi na tatu. Tunataka kushuka Antwerpen, na amesema tusubiri hadi ishirini na mbili, maji mafu, yasiyo na nguvu. Chombo kimefungwa, kamba ndefu.