Kundi moja p iko chini ya 0.05, lingine haiko, mbona msimamizi anakataa kwamba mafunzo yamefanya kazi?

karatasi_na_kalamu:
Wakuu habari za saa hizi, nimekwama sura ya 4 ya tasnifu. Nina makundi mawili, watu 30 kila moja. La kwanza nililifundisha mbinu ya kukumbuka orodha ya maneno, ile ya kuyapanga kichwani kwenye vyumba vya nyumba unayoijua, la pili halikufundishwa kitu. Wote nikawapima kabla na baada, nikapiga t-testi ya jozi (inayolinganisha alama za kabla na za baada za watu walewale) kwa kila kundi kivyake. Kundi la mafunzo limepanda wastani wa maneno 4, p = 0.034 (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo au zaidi kama kweli hakuna mabadiliko, ikiwa chini ya 0.05 tunaita signifikanti). Kundi la kulinganisha limepanda 2.5, p = 0.198. Nikaandika mafunzo yamefanya kazi kwa sababu la kwanza ni signifikanti na la pili siyo, msimamizi kazungushia wino mwekundu kaandika "hujalinganisha makundi". Sasa hapo nimefanya nini kama sio kulinganisha??

mzee_wa_varianzi:
Msimamizi yuko sahihi kabisa. Umejibu maswali mawili ambayo hakuna aliyekuuliza: A limepanda? B limepanda? Swali lako la utafiti ni la tatu, je A limepanda KULIKO B, na hilo hujaligusa.

Tumia namba zako mwenyewe. Nikirudi nyuma kutoka kwenye hizo p, kosa sanifu (kipimo cha wastani unavyoweza kuyumba kwa bahati ya sampuli) la kundi la mafunzo ni kama 1.8 na la kundi la pili ni kama 1.9. Tofauti ya kupanda ni 4 toa 2.5, yaani 1.5. Kosa sanifu la hiyo tofauti unalipata kwa kuzipiga mraba hizo mbili, kujumlisha, kisha kipeuo, inakuja karibu 2.6. Gawanya 1.5 kwa 2.6, hiyo ndo t, ni 0.57, na p yake ikianguka hukohuko kwenye 0.57. Hakuna kitu hapo. Ile 0.034 na 0.198 zinaonekana ziko mbali kwa sababu tu mstari wa 0.05 umepita katikati yake.

Na usijione mjinga, wakubwa wanafanya hivi kila siku. Gelman na Stern walilieleza vizuri 2006, halafu 2011 Nieuwenhuis na wenzake wakapitia makala 513 za sayansi ya ubongo kwenye majarida makubwa, wakakuta 157 ambazo mwandishi angeweza kuteleza hapo, na 79 kati yake ziliteleza kweli. Nusu!

Halafu jiulize pia kwa nini kundi ambalo halikufundishwa limepanda 2.5. Mtu akifanya mtihani wa aina ileile mara ya pili ameshauzoea. Ndo maana ukaweka kundi la kulinganisha, sasa ukilichambua kivyake umelitupa.

kimya_kingi:
Kwani asingetumia watu walewale kwa hali zote mbili? Kila mtu anajilinganisha na nafsi yake, kelele zinapungua, sampuli ndogo inatosha. Nusu waanze na mafunzo, nusu waanze bila, mpangilio unajisawazisha wenyewe.

mzee_wa_varianzi:
@kimya_kingi kwa Stroop ningekubali, lile jaribio la kutaja rangi ya wino wa neno ambalo lenyewe ni jina la rangi, pale maneno yanayolingana na wino na yasiyolingana yamechanganywa humohumo na hakuna mbinu inayobaki kichwani. Ila hapa ukishamfundisha mtu mbinu huwezi kuitoa kichwani mwake ili ukampime "bila mafunzo". Anayeanza na mafunzo anaingia nayo kwenye hali ya pili, na kubadilisha zamu hakuondoi hilo. Makundi mawili ni sahihi. Cha kusawazisha ni orodha za maneno: nusu waanze na orodha ya kwanza, nusu na ya pili, isije ikawa moja ni rahisi ukaita hayo mafanikio.

nukta_mbili:
Mi naongezea tu kwamba badala ya t-testi ya alama za kupanda apige ankova (inalinganisha makundi huku ikizingatia tofauti za alama za mwanzo), alama za baada ndo tokeo, za kabla ziingie kama kovarieti, yaani kigezo cha kurekebishia. Kama watu waligawanywa kwa bahati nasibu ankova kwa kawaida ina nguvu zaidi, yaani uwezo wa kuiona athari kama ipo. @karatasi_na_kalamu uliwagawaje?

karatasi_na_kalamu:
Waliojiandikisha mapema niliwaweka kwenye mafunzo, waliochelewa wakawa kundi la pili, ilikuwa rahisi kwa ratiba. Halafu nawaza niongeze watu 10 kila kundi niangalie p tena, ikikataa niongeze wengine, inaruhusiwa?

nukta_mbili:
Aisee. Basi hilo ndo tatizo kubwa kuliko t-testi. Anayewahi kujiandikisha huenda ana hamu zaidi, na hamu inaweza kupandisha alama bila mafunzo yoyote. Takwimu haitakuokoa hapo, Lord alishaonyesha 1967 kwamba makundi yasiyogawanywa kwa nasibu yanaweza kukupa jibu moja ukitumia alama za kupanda na jibu jingine ukitumia ankova, data ileile. Ripoti zote mbili, iite kwazi-eksperimenti (jaribio ambalo watu hawakugawanywa kwa nasibu), na neno "imesababisha" lifute kila mahali.

Kuongeza watu huku unachungulia p, hapana. Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha 2011 kwamba ukichungulia na kuongeza hivyo uwezekano wa kupata signifikanti ya uongo unapita ile 5% unayoitangaza. Ukitaka kukusanya upya, amua idadi kabla. Kwa athari ya ukubwa wa kati, d ya 0.5 (makundi yanatofautiana kwa nusu ya mkengeuko sanifu), nguvu ya 80% na testi ya pande mbili, unahitaji watu 64 kila kundi. Na safari hii gawa kwa nasibu.

karatasi_na_kalamu:
Duh 64 muda sina, nabaki na hii niandike ukweli wake. Hiyo ankova kwenye SPSS, programu ya takwimu ninayotumia, iko wapi?

nukta_mbili:
Analyze, General Linear Model, Univariate. Alama za baada weka Dependent, kundi weka Fixed Factor, alama za kabla weka Covariate. Kabla ya yote ongeza mwingiliano wa kundi na alama za kabla uone kama mistari ya makundi ina mwinamo unaofanana, kama hauko sawa rudi hapa kabla hujaandika chochote.