Naomba ushauri: protini ya TBP inaitambuaje TATA kwenye DNA?
Habari zenu wakuu. Nimekwama kwenye unukuzi wa jeni (kunakili DNA kuwa RNA), hasa jinsi TBP inavyoshika TATA, yaani mfuatano wa herufi za DNA ulio karibu na mwanzo wa jeni. Protini nyingi zinazosoma DNA nazielewa: zinaingiza heliksi (kipande chao kilichojisokota) kwenye mfereji mkubwa wa DNA, arjinini (asidi amino ya protini) inaishika guanini (herufi G) kwa vifungo viwili vya haidrojeni, na herufi imeshasomwa bila hata kuachanisha nyuzi. Safi kabisa.

Kinachonivuruga ni TBP. Yenyewe inakaa mfereji mdogo, ambako jozi za herufi A-T na T-A karibu zinafanana, halafu inachomeka fenilalanini (asidi amino nyingine) katikati ya jozi na kuipinda DNA kama digrii 80! Sasa inajuaje hapa ni TATA? Nahisi inapima wepesi wa DNA kupindika kuliko herufi zenyewe. Niko sahihi? Na anayeanza nimchoreeje hicho kipindo akaelewa?