EchoLink kwenye simu ni redio ya ridhaa ya kweli au ni kupiga simu tu?

KijanaWaMbezi (Dar)

Wadau salama? Kuna jambo linanisumbua naomba mawazo yenu. Leseni ya redio ya ridhaa nimeshapata TCRA, kolsaini yangu (jina langu la hewani) ya 5H ninayo, ila naishi ghorofani na mwenye nyumba hataki hata kusikia habari ya waya juu ya paa, basi kwa sasa natumia EchoLink kwenye simu, ile programu ya kuunganisha wanaridhaa kwa intaneti, nawasha bando naongea na watu wa Japani, Uingereza, Kanada, sauti safi kabisa hakuna mkwaruzo. Juzi mzee mmoja mwenye leseni ya siku nyingi akaniambia hiyo siyo redio, hapo napiga simu tu ila ya bure. Iliniuma kwa kweli, maana leseni nimeisotea na nikiwa hewani naheshimu taratibu zote, natoa kolsaini, nasubiri zamu, kila kitu. Sasa nafikiria kununua hotispoti ya DMR (kifaa kidogo cha kuunganisha redio ya dijitali na intaneti) pamoja na redio koli ya dijitali, ila kama nayo itaonekana ni mchezo bora nijue mapema kabla hela haijatoka. Nyinyi mnaonaje? Na msinifariji, niambieni mnachoamini.

MzeeWaMita40 (Arusha)

Karibu sana kijana na hongera kwa leseni, huyo mzee alikuwa na haki ya kusema ila angekueleza na sababu. Tuanzie kwenye kanuni za redio za ITU, shirika la mawasiliano la kimataifa, kifungu 1.56, kinaeleza huduma ya ridhaa ni mawasiliano ya redio kwa ajili ya kujifundisha mwenyewe, kuwasiliana na wenzako na kuchunguza mambo ya ufundi, na wanaofanya ni watu walioruhusiwa kisheria wanaopenda ufundi wa redio wenyewe, bila kutafuta faida. Mawasiliano ya redio. Ukiwa Mbezi na simu yako na mwenzako yuko Osaka na simu yake, hapo katikati pana mnara wa kampuni ya simu, mkongo wa baharini na seva. Usiniambie na mnara nao unatoa mawimbi, unatoa ndiyo, ila siyo yako, huwezi kuyachagulia masafa, huwezi kuyapimia antena, na yakikatika huna cha kufanya zaidi ya kusubiri.

Leseni yako umepewa ya kurusha. Kwenye EchoLink wanaikagua kolsaini yako wakuruhusu kuingia, na hilo ni jambo zuri maana linazuia wavamizi, lakini haligeuzi simu kuwa redio. Hata kwenye DXCC, tuzo kubwa ya kuwasiliana na nchi nyingi ya wale ARRL, chama cha wanaridhaa wa Marekani, nchi uliyoipata kwa intaneti haihesabiwi, na hata ya kupitia ripita ya ardhini (kituo kinachopokea na kurusha upya) haihesabiwi. Wanataka mawimbi yatoke kwenye antena ya huyu yafike kwenye antena ya yule.

Na kuna jambo kubwa kuliko tuzo. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman, kulikuwa na timu ya wanaridhaa wa India pale Port Blair inaongozwa na mama mmoja Bharathi Prasad, walikuwa wameenda kurusha kwa kolsaini ya VU4RBI ili dunia iipate nchi ile adimu. Simu zikafa, wao wakaacha mambo ya kukusanya nchi wakaanza kupeleka habari za watu kwa ndugu zao bara. Bahari ni hii hii yetu, mawimbi yale yalifika mpaka Somalia na pwani yetu huku. Kama wangekuwa na EchoLink peke yake wangepeleka nini? Ndiyo maana IARU, umoja wa vyama vya wanaridhaa duniani, kanda ya 1 ambayo sisi Afrika tumo, wametenga masafa ya dharura kama 7.110 na 14.300 MHz. Masafa hayo hayahitaji bando.

Sikukatazi kuitumia. Ninachokataa ni mtu kukaa miaka na leseni hajawahi kusikia ionosfia, lile tabaka la juu linalorudisha mawimbi chini, ikipumua.

nyokabi_sdr (Nairobi)

Shikamoo mzee, nakuheshimu sana lakini hapa naona umeweka vitu tofauti kwenye gunia moja. Intaneti kwenye redio si kitu kimoja. IRLP ilianza Kanada mwaka 1997 na ilijengwa kwa makusudi ili mtu aingie kwa redio tu, huwezi kuingia kwa kompyuta ukaanza kuongea, lazima ubonyeze maiki mbele ya ripita au nodi (redio iliyounganishwa na intaneti). Ni ripita huku, ripita kule, na intaneti katikati inaziunganisha. EchoLink ikaja 2002 ikafungulia na wenye kompyuta, baadaye simu. Kwa hiyo ukisema "EchoLink" hujasema kitu bado, nataka kujua wewe umeingiaje. Mtu yuko kilimani na redio koli ya wati tano, anatafuta mahali pa kusimama ili aishike ripita, amejifungia antena yake ya mkononi, huyo anafanya redio hata kama mwenzake yuko Australia na katikati kuna intaneti. Yule wa simu kwa simu, sawa, hapo nakubaliana na wewe kabisa, hiyo ni maongezi ya watu wenye leseni, ni kitu kizuri lakini redio haipo.

Halafu mzee, suala la kujifundisha umelisema mwenyewe. Mimi nimejenga nodi ya AllStar, mtandao mwingine wa namna hiyo, na kuijenga kumenifunza kuweka kiwango cha sauti isikoroge, kufunga laini ya kurushia kutoka kwa kompyuta, kuchuja kelele za pawasaplai, kuweka muda wa kukata ili redio isiungue ikishikilia. Hayo yote ni ufundi wa redio. Kuna watu wa HF (masafa ya mbali yanayorudishwa na ionosfia) wananunua mashine kubwa kutoka dukani wanaichomeka wanaongea, hawajawahi kushika pasi ya kulehemu, na hakuna anayewaambia hawafanyi redio.

Na tukumbuke hali yetu, sisi huku tuko wachache sana. Ukifungua redio ya VHF mtaani kwako unaita CQ, yaani yeyote anijibu, hadi betri inaisha hakuna wa kukujibu. Kijana akikaa mwaka mzima anaita peke yake ataiuza redio. Akipata watu wa kuongea nao kupitia nodi, atabaki, na akibaki iko siku atavuta waya.

Kuhusu hotispoti, kijana ujue inarusha milliwati kama kumi tu, inatoka mezani hadi chumba cha pili. Mawimbi yapo, lakini safari yote inafanywa na intaneti. Kama pesa ni ya kubana mimi singeanzia hapo.

MzeeWaMita40 (Arusha)

Marahaba binti. Ripita kwa ripita nakubali, hilo umenishinda. La hotispoti umesema kweli na mimi nimefurahi limetoka kwako.

bin_Mtoni (Muscat)

Assalaam alaykum jamani. Mie mzee wangu katoka Unguja, nimezaliwa huku Oman, nafuatilia sana mijadala hii. Naona mnagombania HF na intaneti na hakuna alotaja satelaiti, na hii khasa ndo dawa ya huyu kijana.

Kuna satelaiti inaitwa QO-100, imo ndani ya Es'hail-2 ya Qatar, imerushwa tarehe 15 Novemba 2018. Ndo ya kwanza ya wanaridhaa kukaa mahali pamoja angani, ipo juu ya mstari wa ikweta nyuzi 26 mashariki, kilomita kama 36,000 kutoka hapa tulipo. Haizunguki ikakupotea, ipo saa ishirini na nne. Unarusha juu kwenye 2400 MHz, inakurudishia chini kwenye 10489 MHz na kitu, na inashika Afrika nzima, Ulaya, mpaka Brazil upande mmoja na Thailand upande mwengine. Hakuna seva, hakuna bando, hakuna kampuni ya simu. Mawimbi yako yanapanda kwa antena yako na yanashuka kwa dishi lako, tena unajisikia mwenyewe ukirudi baada ya kama robo sekunde, mara ya kwanza inakuchanganya kuongea.

Vifaa vyenyewe ni dishi la kawaida la TV la sentimita 80 au 90, LNB ya kawaida ila iwe imara kwa masafa isiyumbe, kipokezi cha SDR (redio inayoendeshwa na programu) kwenye kompyuta, na cha kurushia wati chache tu kwenye 2.4 GHz. Kurusha ndo penye gharama na ufundi, kupokea ni rahisi, anza na kupokea. Na kama huna dishi bado unaweza kuisikiliza kwa WebSDR, kipokezi cha mtandaoni, iliyopo Goonhilly kule Uingereza. Ndio, hapo intaneti inakusaidia, lakini kusikiliza ni kusikiliza, hujadai kuwa umewasiliana na mtu.

Kijana wa Dar una bahati kuliko mie. Mie huku Muscat naelekeza dishi nyuzi 44 tu kutoka chini, wewe Dar satelaiti ipo nyuzi kama 72, karibu juu ya kichwa, upande wa magharibi ukipinda kidogo kaskazini. Ubaya wake ni kwamba baraza ya ghorofa haitafaa ikiwa juu yako kuna baraza ya jirani, zege litakuzuia. Unahitaji paa au uwanja. Na ukitumia dishi lile la duara la zamani lenye LNB katikati, kwa nyuzi hizo litajaa mvua kama beseni, lipige kitobo kidogo chini. Mwenye nyumba ukimwambia dishi la TV hatobisha, kila nyumba inalo, ila mueleze kweli kuwa na kurusha utarusha, usimfiche.

Kibo_VHF (Moshi)

Naongezea mawili. La kwanza, mzee na nyokabi mmeongea ya redio kwa redio ila kuna hali ya katikati watu wanaichanganya sana, mtu ana kituo chake cha HF shamba halafu yeye yuko mjini anakiendesha kwa intaneti. Hiyo ni redio kamili na hata DXCC wanaikubali, kinachohesabika ni mahali kituo kilipo siyo mahali ulipokaa wewe. Intaneti hapo ni waya mrefu wa maiki basi. Na FT8, ule ujumbe mfupi wa dijitali unaotumwa kwa redio na kompyuta, nayo ni hivyo hivyo, watu wanaibeza eti kompyuta inaongea na kompyuta, kompyuta inaangalia saa yake mtandaoni sawa, lakini ujumbe wenyewe unakwenda kwa mawimbi kutoka antena hadi antena na ndiyo maana unahesabiwa. Mimi kipimo changu ndo hicho, kati ya antena yangu na ya mwenzangu kuna nini. Kukiwa na hewa tupu au satelaiti inayorudisha mawimbi, redio. Kukiwa na kipande cha intaneti, naandika kwenye logi "EchoLink" au "DMR" wazi, sichanganyi na zile nyingine.

La pili, mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika yote miwili kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti Tanzania na Kenya ikawa ya kusuasua siku kadhaa. Siku hizo ndo ungeuliza hotispoti inafaa nini. Mita 40, yaani masafa ya HF ya 7 MHz, haikujua hata kama kuna mkongo.

KijanaWaMbezi (Dar)

Asanteni sana wakuu, shikamoo mzee, na dada nyokabi umenisemea kitu nilishindwa kukisema. Kwa hiyo nimeelewa hivi, EchoLink ya simu nitaendelea nayo kwa maongezi na kujifunza lugha ya hewani ila sitaiita redio, hotispoti naiacha kwanza, hela naiweka kwenye SDR na dishi nianze kupokea QO-100. Ila ngoja niulize, shangazi yangu ana kiwanja Bunju, kina minazi miwili mirefu na nafasi ipo, ninaenda huko wikiendi nyingi. Nikitaka kuvuta antena ya waya ya masafa ya mita 40 nisikike Arusha kwa mzee nianzie wapi? Redio ya HF kuna mtu wa klabu atanipa niitumie nikiwa naye hapo hapo.

MzeeWaMita40 (Arusha)

Hapo sasa! Usihangaike na kitu cha gharama. Nunua waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, wa shaba, mita ishirini na mbili unatosha. Daipoli, antena ya waya wa pande mbili, ya 7.1 MHz jumla yake ni kama mita 20, kata kila upande mita 10 na nusu, ni rahisi kupunguza kuliko kuunga. Katikati shusha kebo, hata ile ya dishi ya ohm 75 inafaa, izungushe duara nane hivi pale juu inapoungana na waya ili mawimbi yasishuke kwa nje ya kebo. Usiipandishe juu kabisa ya mnazi, kwa Dar na Arusha nataka mawimbi yako yapande wima halafu yateremke, mita tano sita kutoka chini zinatosha, na ncha zifunge kwa kamba ya nailoni isiguse makuti. Halafu pima SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena), kama chini kabisa imeangukia 6.9 waya ni mrefu, punguza sentimita kumi kumi pande zote mbili hadi ifike 7.1.

Jaribu mchana, saa tano hadi saa tisa, maana usiku utasikia Ulaya wamejaa watakufunika. Siku ukiwa tayari andika hapa hapa mapema, nitawasha.

nyokabi_sdr (Nairobi)

Na mimi nitakuwa nasikiliza. Mkichagua masafa mniandikie.