Mjadala: Je, ofisi ya usanifu majengo iongozwe na msanifu au na meneja wa biashara?

Nguzo: Ofisi nyingi za usanifu majengo huongozwa na waanzilishi waliopata jina kwa michoro yao, si kwa umahiri wa hesabu. Ofisi ikishakua kiasi kwamba mwanzilishi hawezi tena kuupitia kila mchoro, naona maamuzi ya mkakati, yaani kazi zipi zifuatwe, ada ipangwe vipi na nani aandaliwe kurithi uongozi, yakabidhiwe meneja ambaye hata kama si msanifu anajua kusoma vitabu vya fedha. Msanifu wa Marekani Louis Kahn alifariki mwaka 1974 akiheshimiwa duniani kote, na ofisi yake ikaacha madeni makubwa. Niongeze pia kwamba wanaolia kuhusu ada ndogo ndio hao hao wanaogawa michoro ya bure kwenye mashindano ya kumpata mbunifu wa jengo.

Kenchi: Ndugu Nguzo, la Kahn nakuachia, lakini hilo la kugawa michoro ya bure ni kejeli kwa watu ambao hawakurithi wateja kwa mtu yeyote. Mashindano ya wazi ndiyo mlango pekee ambao hauulizi unamjua nani. Wasanifu Renzo Piano na Richard Rogers walikuwa bado vijana walipoipata kazi ya Kituo cha Pompidou, jumba la sanaa na utamaduni mjini Paris, wakiwashinda washiriki wengine zaidi ya mia sita kama sikosei, na meneja wako angewazuia kupeleka hata karatasi moja.

Kipimo: Washiriki walikuwa 681, mwaka 1971. Tunawasimulia wawili na kuwasahau 680, na ndivyo ofisi changa zinavyodanganyika. Kwa jumba la makumbusho la Guggenheim lililokusudiwa Helsinki, mwaka 2014 yalipokelewa mapendekezo 1,715. Mshindi akatangazwa mwaka uliofuata, na mwaka 2016 baraza la jiji likaukataa mradi wenyewe. Tukadirie tu kwamba kila pendekezo lilichukua watu wawili kwa wiki tatu: hiyo ni karibu miaka 200 ya kazi ya mtu mmoja, na hakuna hata ukuta uliosimama.

Kenchi: Dada Kipimo, hesabu yako inachukulia kwamba kazi isiyojengwa imepotea, jambo ambalo mtu wa taaluma hii hapaswi kulisema. Ofisi hujifunza, hujulikana, na huvutia vijana wenye vipaji. Kinachotuua ni ada kushushwa kiholela, tangu serikali zilipovizuia vyama vyetu kulinda viwango.

Mkaguzi: Tuweke kumbukumbu sawa. Nchini Marekani ilikuwa mwaka 1972, pale chama cha wasanifu, AIA, kilipofikishwa mahakamani na Wizara ya Sheria chini ya sheria za ushindani, kikakubali kuacha kuwakataza wanachama wake kushindana kwa bei. Uingereza, viwango vya ada vya RIBA, chama cha wasanifu cha huko, vilikoma kuwa vya lazima mwaka 1982. Hakuna aliyetulazimisha kushusha bei. Tulishusha wenyewe, kwa sababu ofisi nyingi hazijui saa zake zinagharimu kiasi gani. Na ada inayohesabiwa kwa asilimia ya gharama ya ujenzi ina kasoro ambayo hatupendi kuijadili: msanifu anayehangaika wiki nzima kumpunguzia mteja gharama hujikata malipo yake mwenyewe, ilhali yule aliyechora kwa ubadhirifu huongezewa. Mteja mwenye akili ameligundua hilo kitambo, ndiyo maana anatubana.

Nguzo: Nashukuru, ila niliuliza kuhusu uongozi. Tazameni ofisi ya msanifu Zaha Hadid: mwanzilishi alifariki mwaka 2016, ofisi ikaendelea, na mwaka 2021 umiliki wake ukahamishiwa kwa wafanyakazi kupitia mfuko wa dhamana. Huo ni mkakati wa urithi, si kipaji cha kuchora.

Kenchi: Na aliyeiongoza ofisi hiyo baada yake ni Patrik Schumacher, ambaye ni msanifu majengo. Mkuu, mfano wako umekugeukia.

Mwanagenzi: Naomba radhi kwa kuingilia wakubwa. Mnaposema ofisi imewekeza katika mashindano, mnaelewa kwamba aliyewekeza ni mimi, ninayechora hadi usiku wa manane kwa mshahara ule ule, huku jina langu likikosekana kwenye orodha ya wabunifu? Ndugu Kenchi anasema vijana tunavutwa na kazi hizo. Tunavutwa, kisha tunachoka na kuhama, na gharama ya kumfundisha mwingine haionekani kwenye hesabu ya mtu yeyote hapa.

Kipimo: Mdogo wangu ameyasema yaliyonishinda. Ofisi isiingie kwenye shindano lolote bila mambo matatu: malipo kwa wanaofika hatua ya pili, saa za kila mchoraji kuandikwa na kulipwa, na wafanyakazi kupiga kura kabla ya kazi kuanza.

Kenchi: La malipo nakubali, na la saa pia, ingawa litaniuma. La kura silikubali, kwa sababu kura haiendeshi ofisi, na sasa namwomba Nguzo atueleze huyo meneja wake angepiga kura upande gani.