Kanga yangu imeitwa tambara getini, mbele ya watu 200!

Wanajamvi, mkono unatetemeka, sijui hata nianzie wapi. Lile shirika la ndege mnalijua, sina haja ya kulitaja. Lile la tiketi ya bei ya chapati na supu, ukifika getini wanakukamua mpaka uboho. Leo limenifikia mimi.

Dada wa getini kaishika kanga yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyefia kwenye pipa la maji, akaniuliza: "Hili tambara unalihitaji?"

TAMBARA.

Mimi na mume wangu tunatembea Ulaya na mabegi ya mgongoni, mwezi wa pili huu, hatuna haraka na mtu. Porto, Ureno, tulikaa siku 6, kazi yetu kuvuka daraja la Dom Luís kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. La chuma, la 1886, juu inapita treni ya mjini na watu wanatembea pembeni. Coimbra tukaona maktaba ya Joanina, ile wanayoishi popo na usiku wanakula wadudu waharibifu wa vitabu. Tomar siku 4, Lisbon wiki nzima. Kote huko treni na basi, hakuna aliyegusa begi langu! Sasa tulitaka Bologna, Italia, na kutoka Lisbon hata Madrid tu hakuna treni ya moja kwa moja, ile ya usiku ilikufa 2020. Mume wangu akaona tiketi ya ndege euro 22. Tukaingia mtegoni.

Getini wana kile kizimba cha chuma cha kupimia mabegi. Begi langu LIMEINGIA. Sentimita 40 kwa 30 kwa 20, tulilipima nyumbani kwa futi ya fundi. Kilichobaki nje ni pindo la kanga niliyolifungia begi kwa juu. Pindo! Yule dada akalivuta, kanga yote ikatoka, foleni ndefu kama ya sukari, watu wote macho kwangu. Akainua. Vidole viwili. "Hili tambara unalihitaji?" Nyuma yangu kuna mtu akacheka. Kicheko kile hata nikifika miaka 90 nitakitambua.

Kanga hiyo alinipa mama, stendi ya Tanga, siku naondoka. Imeandikwa WASEMAO NA WASEME. Nimejifunika kwenye treni. Nimeitundika ikawa pazia kwenye kitanda cha chini, chumba cha watu 8. Tumeitandika ukingoni mwa mto Mondego tukala mkate na samaki wa kopo. Ningebeba taulo lililochanika angeliita tambara?

Na euro 60 wakachukua! Tiketi 22, pindo 60! Lakini mimi silii pesa. Nalilia vile vidole viwili.

Naandika nikiwa Bologna, nimekaa barazani. Mji huu una baraza za kilomita 62, mvua inanyesha na unatembea hulowi. Pazuri mno, na mimi sioni kitu, naona vidole tu.

Chuma cha Pua: Kanga imesema wasemao na waseme. Yeye kasema, na wewe umekuja kusema. Kanga imefanya kazi yake, tulia.

Kijana wa Buza: Picha ya kanga iko wapi? Uzi bila picha ni chai.

Leso Mbili: Pole dadangu. Sisi Mombasa twaiita leso, na neno lenyewe latokana na Kireno, lenço, kitambaa cha mkono. Mabibi zetu walinunua vile vitambaa sita sita wakaviunga pamoja, ndipo vazi likaanza. Yaani imeitwa tambara nchi ileile lilikotoka jina lake! Ungemwambia!

Mwenye uzi: @Leso Mbili asante sana, wewe umenielewa. VIDOLE VIWILI dada!

Mkulima wa Mtandaoni: Shemeji yetu alikuwa wapi wakati huo?

Mwenye uzi: Alikuwa anagombana na mwenzake yule dada wa getini kuhusu zile euro 60. Msimguse mume wangu.

Chuma cha Pua: Vasco da Gama katia nanga Malindi 1498 na makolokolo yake yote, hakuna aliyemtolea kizimba. Na kazikwa hapo hapo Lisbon, kanisa la Jerónimos. Mngepitia kumdai hizo 60.

Mama Kurwa: Afadhali wewe umelipia begi. Mimi Venice 2024 nimelipia kuingia MJINI. Euro 5, eti kwa sababu naondoka jioni bila kulala. Mji mzima una kiingilio kama mechi ya Simba na Yanga!

Mzee wa Feri: Mama Kurwa usiniambie. Ujerumani, stesheni, choo euro 1. Kigeti kinataka sarafu, mimi nimebanwa na mkononi nina noti ya 20. Yule mhudumu ananitazama tu. ANANITAZAMA TU.

Kijana wa Buza: Hahahaa mzee, ikawaje?

Mzee wa Feri: Mambo mengine hayaandikwi.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye kanga.

Mkulima wa Mtandaoni: Italia ukikaa tu mezani umeshadaiwa. Coperto wanaiita. Mkate hujaugusa, bili inausoma.

Mama Kurwa: Kahawa usikae. Unywe umesimama kaunta, bei inashuka.

Mkulima wa Mtandaoni: Nisimame nina magoti haya?

Mwenye uzi: Hivi mmesoma nilichoandika? Kaiinua JUU!

Mzee wa Feri: Anayejua anisaidie, ile tiketi ya karatasi ya treni za mikoa Italia inagongwa wapi? Nipo Bologna na mimi, kesho Ferrara.

Mama Kurwa: Kuna kimashine stesheni, kabla hujapanda behewa. Usipogonga ni faini, na hawana msamaha.

Mzee wa Feri: Asante mama. Na choo cha Ferrara, sarafu au noti?