Ekari mbili za mpunga Ahero au ekari tatu za viazi Molo?

ShambaJipya (Nakuru)
Hamjambo wakulima. Nina akiba kidogo, inatosha kukodi shamba mwaka mmoja, na nimepata nafasi mbili. Moja ni ekari mbili za mpunga Ahero, kaunti ya Kisumu, ndani ya mradi wa umwagiliaji. Nyingine ni ekari tatu Molo, kaunti ya Nakuru, ambako mwenyewe amekuwa akilima viazi na mahindi. Mimi ni mtoto wa Nakuru mjini, jembe nimelijua wakati wa likizo kwa nyanya tu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Kisumu kunanyesha kuliko Nakuru, kwa hivyo niende Kisumu. Mke wangu anaicheka hiyo hesabu. Nani amekosea?

MoloBaridi
Wewe.

Molo si Nakuru mjini, ndugu. Mji uko chini kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kama mita 1,850, na milima ya Mau inaukinga mvua ya magharibi. Ndiyo maana Kericho, ng'ambo ya pili ya Mau, hupata karibu mara mbili ya mvua yenu. Sisi tuko juu mgongoni, mita 2,500 hivi. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unanywa maji. Leo kunanyesha hadi mitaro inafurika, kesho saa nne uko ndani na jembe. Kiazi hakitaki zaidi ya hapo: usiku wa baridi na udongo usiotuamisha maji. Shangi, aina yetu ya viazi, nikiipanda kwa mvua ya kwanza, Julai naing'oa.

Mahindi usiyategemee kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mbegu ya H614 kwa baridi ya huku inaweza kukaa miezi minane, na kodi inahesabu.

NyarKano
Karibu Ahero, ila usije kwa sababu ya mvua. Mpunga wetu haungoji mawingu. Maji yanavutwa na pampu kutoka Mto Nyando, na wenzetu wa mradi wa West Kano wanayavuta Ziwa Victoria. Stima ikikatwa, jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga, linapasuka nyufa hata kama anga ni nyeusi tii.

Na mvua inayotutesa hainyeshi kwetu, inanyesha Nandi na Tinderet. Aprili umeanika nguo, jua kali, kisha mtoto anakuja mbio kukwambia mto umebadilika rangi. Ukifika darajani unakuta maji kama chai ya maziwa, yamebeba vijiti na majani ya miwa. Hapo una saa chache za kuinua magunia kutoka sakafuni.

Kinachofanya mpunga ukae hapa ni udongo. Ni mweusi wa mfinyanzi: ukilowa unakuvua gambuti, ukikauka nyufa zinameza mkono hadi kiwiko. Kwa viazi ni kaburi, kwa mpunga ni sufuria, maji hayavuji chini. Muulize huyo mwenye shamba jaruba lake ni la ngapi kutoka mfereji mkuu. Walio mwishoni hupata maji wenzao wakishashiba.

Halafu kuna kuwinga ndege. Mpunga ukianza kujaa, mtu awe shambani tangu alfajiri akipiga mabati na kurusha tope kwa kombeo. Kweleakwelea hawana Jumapili.

ShambaJipya
Dada, hiyo ya pampu sikuijua kabisa. Lakini si Asia wanalima mpunga kwa mvua ya msimu? Na sisi si tuko kwenye pepo zilezile za Bahari ya Hindi?

Mpwani_Kondele
Hapo umenigusa. Mimi ni wa Lamu, nimeoa Kisumu. Babu yangu alikuwa baharia wa jahazi, na kalenda yake ilikuwa pepo mbili, kaskazi na kusi, basi. Pepo ni zilezile, kweli. Ila upepo wa kusi ukifika Juni unatupita mbio, unavuka ikweta, unapinda Bahari ya Arabu na kwenda kuyamwaga India maji uliyoyachota njiani. Kerala mvua hiyo huanza mwanzoni mwa Juni, na India kwa jumla hupata kama robo tatu ya mvua ya mwaka kati ya hapo na Septemba. Mkulima wa kule anapandikiza juu ya maji ya mbinguni. Sisi mvua zetu kubwa zinakuja pepo zinapopokezana zamu: masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Vipande viwili, na kimojawapo hukosea njia miaka mingine.

Na huku kuna jambo ambalo babu hakulijua: ziwa. Mchana upepo unatoka majini, unapanda, unagonga milima ya Nandi na Kericho, na alasiri mvua ya mawe iko juu ya majani chai. Usiku unageuka, na ngurumo zinahamia ziwani kwa wavuvi. Nilipohamia Kondele nikaambiwa mvua ya huku ina saa yake, nilidhani ni utani.

Mulembe_K
Kwani Kakamega mmetusahau? Mvua tunayo karibu mwaka mzima. Haya, na kiduha, gugu linalonyonya mizizi, pia tunayo kwenye mahindi. Naondoka.

JembeKuukuu
Molo msiisifu sana. Nilinunua mbegu ya viazi kwa mtu wa kando ya barabara, imechipua vizuri, bei nzuri. Wiki ya sita mimea ikaanza kulala mchana kama yenye kiu, jioni inainuka. Siku moja haikuinuka. Nilikata kiazi kikatoa ute. Mnyauko wa bakteria, na huo unabaki udongoni miaka.

Pia Shangi haikai ghalani, inachipua upesi. Julai kila mtu anang'oa, na broka anajua huna pa kuificha. Mpunga ukikauka vizuri unaukalia hadi bei ipande. Hilo mlilisahau nyote.

MoloBaridi
Kuhusu broka sina la kujibu, mzee. Mtu wa Nakuru, uliza hilo shamba lilipandwa nini misimu miwili iliyopita. Ikiwa ni viazi juu ya viazi, toroka.

ShambaJipya
Nimeuliza pande zote. Wa Molo: mwaka jana mahindi, mwaka juzi njegere. Wa Ahero: jaruba ni la mwisho kabisa. Nilipomuuliza maji yalifika wapi kwenye mafuriko ya 2020, akasema hayo tutaongea nikifika. Jumamosi naenda Molo na jembe nichimbe nione. Mke anakuja pia, anasema asinipe nafasi ya kupiga hesabu peke yangu.

NyarKano
La mwisho? Hata mimi singelichukua. Ukivuna niwekee gunia moja la Shangi, nitakulipa kwa mchele.